Maji Yenye Nilikufungia

Dido, mwipwa wangu,

Huko uliko, uambie bale uko nabo basogee kidogo, juu barua hii inatoka kwa muntu mukubwa. Ni minye, oncle Placide, ule muntu kiwanda ya Shituru ilikuwaka haiwezi kutoa hata sahani moja ya shaba kama sijafika ku mulango. Bazungu, Bachina, ba-ingénieurs ya Kinshasa, bote balikuwa banauliza kitu moja asubuhi: Placide amekuya? Nikikohoa, pompe inaanza kuzunguka. Nikikasirika, inanyamaza yenyewe.

Unajua ile yote. Ukiwa mutoto ulikuwa unapanda ku magoti yangu kuniomba niirudilie ile hadisi ya Koni, siku maji ya muto Lufira ilitaka kubeba centrale nzima ya umeme na minye nikafunga vane kubwa, ile kifungo ya maji, kwa bega yangu, peke yangu, wakati bakubwa bote balikuwa bamekimbilia ku mulima. Halafu ukakua, ukaanza kucheka. Ulisema: "Oncle, uongo yako iko mukubwa, inahitaji passeport yake." Nilijifanya kukasirika. Sikukasirika hata siku moja.

Sasa hakuna tena muntu wa kuniambia vile. Bantu bananisikiliza tu, banatikisa kichwa, na ile njo mbaya zaidi.

Nikupe habari ya nyumba. Mama yako ameingiza velo yako, ile baiskeli uliacha ukienda kufanya kazi Johannesburg, mu chambre, ameiegemeza pale kitanda yako ilikuwa, na kila Jumamosi anaipanguza na mafuta mpaka ku minyororo, sawa vile kesho utaipanda kwenda kazini. Jirani alikuya kuomba kuiazima, akarudi na aibu yake. Bale ba chorale ya kanisa bamekutafutia muntu wa kupiga ngoma mu nafasi yako. Anapiga haraka sana. Mama yako anasema anapiga sawa muntu mwenye kukimbia mvua. Minye niko hapa hapa, cité ya Shituru, nyumba ile ile. Sahani yangu inarudi jikoni na chakula nusu. Nimekonda, suruali ninaifunga na kamba. Nimeambia bantu ni régime ya chakula munganga alinipa.

Dido, niko na kitu imenikaa mu kifua tangu Johannesburg. Nimekutangulizia mambo ya velo juu ninaogopa kuifikia.

Ile asubuhi motokari ilikugonga ukienda kazini, ku ile kazi yako ya kubandika mipira ya motokari, minye nilikuwa mu chumba yako ninanyoa ndevu. Nilikuwa nimefika kwako siku tisa tu, kutafuta pièces, vipuri za moto-pompe. Rafiki yako Trésor njo alikuya kuniita, povu ya sabuni ingali ku mashavu. Tulikukuta ku lopitalo umefungwa bandeji ku kichwa, kifua inapanda, inashuka. Nilicheka, Dido. Nilimwambia Trésor: huyu ni wa damu yetu, kesho anaomba sahani ya bukari.

Banganga bakatuita. Trésor akatafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili. Ubongo yako ilikuwa imekufa. Moyo ilikuwa inapiga, kifua ilikuwa inapanda juu ya mashine tu. Nilikataa. Nilisema muntu mwenye kupumua hajakufa, hata mutoto wa primaire anajua ile. Basi bakanifanyia mbele ya macho yangu. Bakagusa jicho yako na kitambaa, haikufumba. Bakatia maji ya baridi mu sikio. Bakatoa mashine kidogo, bakaniambia nitazame kifua. Nilitazama. Nilikuambia mu moyo: Dido, fanya hata moja, moja tu, oncle yako iko hapa. Kifua haikupanda.

Infirmière moja, muuguzi, kule banaitaka infirmière Sister hata kama si masœur wa kanisa, jina yake Thandi, akatuketisha. Akauliza taratibu kama familia inaweza kugawa mafigo yako kwa bagonjwa benye mafigo yao imekufa. Nilipiga simu ku Likasi, hapa nyumbani. Nilidhani mama yako atanitukana. Yeye akasema: "Yaya, kaka yangu mukubwa, Dido alikuwaka anagawa mpaka sabuni yake. Bagawie."

Nikatia sahihi.

Sasa sikiliza, juu kosa yangu iko hapa, na sitaki useme oncle hakuelewa. Nilielewa. Sister Thandi alinieleza maji. Alisema ubongo ikiwa muzima njo inaamuru mafigo ishike maji. Ikikufa, hakuna wa kuamuru, basi muntu anakojoa, anakojoa, mpaka mwili inakauka. Nilikuwa nimeona mufuko ile ku kitanda yako inajaa sawa debe chini ya paa. Kwa hiyo banarudisha maji kwa serum, ile maji ya kutundika yenye inaingia mu mushipa. Ikiwa kidogo, mafigo inakauka, na hata ikiingia mu tumbo ya muntu mwingine inalala, siku mingi, kuna zingine haziamke. Ikiwa mingi, mapafu inajaa maji na mwili inavimba. Kila saa alikuwa anapima mukojo, anapima serum, anaandika. Hata aina ya serum banachagua: kulikuwa nzito ya zamani, bameiacha juu ilikuwa inachosha mafigo, na hii yako chumvi yake ilikuwa imepimwa ifanane na ya damu.

Nilimwambia Trésor amwambie: Sister, hii ni pompe, na pompe haiachwi kuzunguka kavu. Akacheka. Akasema huyu oncle anaelewa haraka kuliko banafunzi yake. Ile alisema kweli, Dido, muulize Trésor. Ile si yangu ya Koni.

Basi ilifika saa nane ya mchana. Tulikuwa tunangoja banganga ba kupasua, balikuwa bamesema kesho asubuhi. Trésor alishuka kununua mukate. Sister alikuwa ku kitanda ingine. Nikakutazama ku uso.

Uso yako ilikuwa inavimba.

Ilianza ku makope. Halafu midomo. Ile alama ndogo ku shavu yako, pale ulianguka ku reli ukiwa mutoto, ilikuwa imevutika mpaka haionekani. Na minye nikamuona baba yako. Ulikuwa ungali unasoma, labda hawakukueleza yote. Baba yako alitoka ku lopitalo na uso sawa mukate ndani ya maji. Balipofungua sanduku, kaka zake bakasema: muntu hafi vile bure, muke amemulisha kitu. Mbele ya maiti, Dido. Bakamutupia mama yako vyombo ku barabara, bakachukua nyumba, na weye ukakuya kwangu na cahier zako za shule mu mufuko ya plastiki. Ile siku niliapa hakuna maiti ingine ya nyumba yetu itafika ku matanga imevimba.

Nikatazama tena juu ya kitanda. Mashine mbili ilikuwa inasukuma dawa yao, ile sikugusa. Lakini mufuko moja mukubwa ilikuwa inaninginia bila mashine, inashuka kwa uzito yake, tone, tone, na ku mupira yake ya kupitishia maji kulikuwa gurudumu ndogo nyeupe ya kufunga na kufungua. Minye ni muntu wa vane. Tanki ikijaa, ikitaka kumwaga, haukimbii kuuliza chef wa kazi. Unafunga, halafu njo unauliza. Miaka makumi mbili nilifanya vile na hakuna siku nilikosea.

Niliisukuma kwa kidole gumba. Ilikuwa nyepesi. Kati ya vane yote nilifunga mu maisha yangu, hakuna ilikuwa nyepesi vile.

Matone ikasimama.

Sijui ilikuwa muda gani. Nikisema ilikuwa kidogo, ninajidanganya. Nikisema ilikuwa murefu, siwezi kukaa mu nyumba, ninatoka kutembea mpaka ku reli. Nilikuwa nimekushika mukono ninakurudilia ile ya Koni. Nilikuwa nimefika pale maji inafika ku kiuno yangu, na mashine ikaanza kulia.

Bakakuya mbio. Damu yako ilikuwa imeshuka nguvu. Sister Thandi akatazama mashine, akatazama mufuko, akafuata mupira na vidole mpaka akafika ku gurudumu. Akaifungua. Akaleta mufuko ingine, akaifinya kwa mikono mbili ili maji iingie haraka. Halafu akanitazama. Trésor alikuwa hajarudi, hakukuwa muntu wa kutafsiri, na minye nilimushukuru Mungu juu ya ile.

Kesho yake asubuhi bakakupeleka kupasuliwa. Nilitembea ku upande ya kitanda mpaka ku mulango ya mwisho.

Siku ya tatu Sister akatuita. Figo moja ilikuwa imepewa mwanaume, ilianza kukojoa pale pale ku meza, bangali banashona. Trésor akanikumbatia. Ya pili ilikuwa imepewa mama moja mwenye batoto batatu. Zaidi ya ile hawana ruhusa ya kusema. Ile ya mama ilikuwa imelala. Damu inapita ndani, iko muzima, lakini haitoi mukojo, na mama bamemurudisha ku mashine ya kusafisha damu mpaka iamke. Ikiamka, Dido. Alisema ikiamka.

Kulikuwa munganga mwenye kujua Kifaransa kidogo. Nilimufuata mu couloir ya lopitalo. Nilimuuliza sawa muntu mwenye kuuliza habari ya jirani: kama serum ilisimama kidogo, inaweza kufanya vile? Akasema inaweza. Akasema inaweza pia kuwa kifo ya ubongo, ile yenyewe inaumiza mafigo. Inaweza kuwa saa zenye figo ilikaa mu barafu. Akaniwekea mukono ku bega: "Hakuna muntu atakuambia ilikuwa nini, papa."

Alidhani ananifariji. Dido, ile neno njo inanikula. Angesema ni weye, Placide, ningepiga magoti. Angesema si weye, ningelala. Sasa nimeachwa katikati na hakuna wa kunitoa.

Tulikurudisha. Ndege mpaka Lubumbashi, halafu motokari mpaka hapa. Balipofungua sanduku, kaka za baba yako balikuwa bamesimama mustari ya mbele, shingo imerefuka. Uso yako ilikuwa yako. Uvimbe ilikuwa imeshuka, ile alama ku shavu ilikuwa pale. Bakatazama, bakarudi nyuma ya mustari. Mama yako akapitisha kidole ku alama, akanigeukia mbele ya bote: "Aksanti yaya. Umeniletea mutoto yangu vizuri."

Njo aksanti moja tu mu maisha yangu sikuongezea chumvi. Nilienda kukaa nyuma ya nyumba peke yangu.

Na sasa mambo ya ule mama.

Siku ya pili ya matanga banaume balikuwa banakaa inje, banacheza dame, ile muchezo ya ubao, banajua nimetoka Johannesburg. Moja akaanza kunitania: professeur wa mafigo, utuambie, mafigo ya mwipwa iko wapi? Unajua kinywa yangu. Nilifungua bila kufikiri. Nikasema ile ya mwanaume inafanya kazi. Na ule mama, nikasema, ule mama aliamka siku ile ile akakojoa beseni tatu, banganga bakakimbia kutafuta ya nne. Banaume bakacheka mpaka dame ikamwangika. Na mu mulango ya nyumba, mama yako alikuwa amesimama na kitambaa ku kichwa. Alicheka pia. Alishika tumbo na akacheka na machozi, mara ya kwanza tangu simu ile.

Ungefanya nini, Dido? Ungemukamata ule kicheko na kumurudisha ndani?

Basi ule mama amekuwa muntu wa nyumba yetu. Nilimupa kazi ya masomo, mwalimu wa masomo ya kwanza. Nilimupa sauti, anaimba ku kanisa yake. Mwezi wa pili alianza kucheza dansi. Mama yako amemuita Mama wa Kule. Kila misa anamuombea. Akinywa maji asubuhi, anajaza kikombe mpaka juu na anasema: na weye unywe, Mama wa Kule, mutoto yangu anapenda maji. Anainywa yote. Minye ninakaa pale na chai yangu, na ninaona gurudumu nyeupe.

Juu sijui, Dido. Sister Thandi alinipa namba. Alisema jina hatasema hata siku moja, lakini nikipiga baada ya wiki tatu, ataniambia kitu moja tu: inafanya kazi ao haifanyi. Sasa ni miezi tano. Kama haikuamka, basi kuna mama mwenye anakaa ku mashine mpaka leo, batoto yake batatu banangoja ku mulango, na kisa ni kidole gumba ya Placide. Na mama yako, yeye anaishi juu ya ile figo. Si juu ya bukari, si juu ya maombi ya bale ba kikundi ya kanisa. Juu ya ile figo. Nikimuambia imekufa, nitakuwa nimekuzika mara ya pili, na safari hii ataingia mu sanduku pamoja nawe.

Nilijaribu kuungama. Nilienda kwa padri, nikapiga magoti, nikafungua kinywa, nikajikuta ninamuhadisia vile nilisaidia banganga ba Johannesburg kurekebisha serum yao. Akanipa baraka.

Dido, kama huko uliko banakuachia kutembea, enda kule. Ingia mu tumbo ya ule mama. Tafuta ile figo, ni yako, itakujua. Iite jina. Ipige teke. Iambie oncle hakutaka kuiua, oncle alitaka tu mama yako akuone uso. Iambie ikojoe hata tone moja. Ninakuomba na magoti mu chini, na unajua magoti yangu haikunjike vizuri tangu kazi. Sijakuomba kitu hata siku moja. Ni weye ulikuwa unaomba.

Ninaharakisha, juu siku imebaki tatu. Jumapili, nikitoka misa, mama yako amesema atakamata simu mwenyewe. Ameshona kitenge, robe na kitambaa cha kichwa, kwa kipimo ya kukisia, akaniuliza Mama wa Kule iko munene ao mwembamba. Nilisema wa kati. Trésor atapita Likasi kwa likizo, atakibeba akirudi Johannesburg. Lakini kwanza anataka kusikia sauti. Anasema hata kama hawaelewani luga, yeye atasikia tu mama mwenzake akipumua.

Kwa hiyo nikuage sasa, mwipwa wangu, mutoto mwenye alikuya kwangu na cahier mu plastiki na akatoka mwanaume. Lala na uso yako ile nzuri. Usimuambie baba yako mambo ya nyumba, atasikitika. Ninakuahidi hivi: kesho saa sita ya muchana, nitaketi na mama yako ku meza, nitamueleza gurudumu, neno kwa neno, bila Koni ndani. Akinifukuza, nitaenda na suruali yangu ya kamba. Asiponifukuza, tutapiga ile namba bote wawili, sauti ya simu inje, na kitu Sister atasema, tutaisikia pamoja.

Kumebaki kitu moja kidogo, ya aibu, na nikiiacha itanifuata mpaka kesho saa sita. Mama yako anadhani ninapiga kila Jumapili. Ninatokaka nyuma ya nyumba, pale réseau ya simu inafikaka vizuri, na ninasema kwa nguvu ili asikie mu jikoni: allô Sister, oui, aksanti, na Mama wa Kule? Sijapiga hata mara moja, Dido. Ninazimaka simu kwanza, juu ninaogopa isije ikaunga yenyewe. Na pale, na ile kioo nyeusi ku sikio, ninaulizaka mpaka habari ya batoto batatu, na ninangojaka kidogo, sawa vile muntu ananijibu.

Oncle yako,
Placide